Je, Wajua? Friji Nalo Linapumua

Fundi seremala alitoa futi yake, akapima, akaandika ukutani kwa penseli "friji 24", akaendelea na msumeno. Hiyo 24 ilikuwa inchi. Friji langu lina upana wa sentimita 60 kamili, na inchi 24 ni sentimita 60 na milimita 9 na kitu. Kwa hesabu ya fundi, friji limeenea na chenji imebaki. Vijana wawili wakalisukuma, likaingia likikwaruza, likakaa katikati ya makabati mapya kama kizibo kwenye mdomo wa chupa. Tukapiga picha. Jiko lilipendeza, sikatai.

Wiki ya tatu nikaegemea kabati la pembeni na kikombe changu cha chai, nikashtuka: ubao una joto. Si la jua, maana dirisha liko upande wa pili. Ndipo nikatega sikio nikagundua kitu ambacho nilikuwa nimeshakizoea bila kujua: kompresa haikuwa imenyamaza tangu asubuhi. Haya yafuatayo niliyajua baada ya kabati kukatwa upya. Wewe yapate mapema, fundi akiwa bado anakunywa chai.

Je, wajua kwamba friji halitengenezi baridi? Hakuna mahali popote ndani yake panapotoka baridi. Kazi yake ni ya yule kijana anayekumba maji kwenye ngalawa: anayachota ndani, anayamwaga nje. Joto lililomo kwenye maziwa, kwenye sufuria ya maharage, kwenye hewa iliyoingia mtoto alipofungua mlango, lote linachotwa na gesi inayozunguka kwenye mabomba membamba, linapelekwa nje ya kabati la friji na kumwagwa jikoni kwako. Sasa mfikirie kijana yule anayamwaga maji kwenye ndoo iliyomo humohumo ngalawani. Ndoo ikijaa, anafanya nini? Anaendelea kukumba, anachoka, na ngalawa haikauki. Friji lililobanwa kati ya kuta tatu na dari ya ubao ndilo hilo.

Na juu ya joto lililochotwa, umeme wenyewe unaoendesha kompresa nao huishia kuwa joto, na nao unatokea nje. Ndiyo maana ukiacha mlango wa friji wazi ili upooze jiko, jiko linazidi kupata joto. Wanaume wengi tumejaribu siku za Februari. Haifai.

Je, wajua friji lako linatolea joto wapi? Hapa ndipo kosa la nyumba nyingi lilipo. Friji la zamani lilikuwa na wavu mweusi mgongoni, ule unaokusanya vumbi na buibui. Kila mtu aliuona, akajua pasibanwe. Friji la siku hizi ukiligeuza unakuta mgongo bapa, mweupe au wa kijivu, hauna hata waya. Mtu anafurahi: hili laweza kuganda ukutani! Kumbe mabomba ya moto hayajaondoka, yamefichwa ndani ya bati la ubavuni, kushoto na kulia. Pumzi imehama kutoka mgongoni kwenda mbavuni, na sisi tunaendelea kuacha mwanya nyuma na kubana pembeni.

Pima mwenyewe kwa kiganja. Baada ya kompresa kufanya kazi nusu saa hivi, weka mkono ubavuni mwa friji, juu kidogo ya kiuno. Ukikuta vuguvugu au hata moto wa kukufanya uondoe mkono, usimwite fundi. Hivyo ndivyo lilivyoundwa. Ila sasa unajua ni upande gani usigusane na kabati. Friji kubwa za mtindo wa Kimarekani zina njia nyingine tena: kondensa iko chini, na feni ndogo inavuta hewa na kuitoa kwenye sakafu. Hizo ukizizibia pale mbele chini kwa ubao wa urembo unaofuata mstari wa makabati, umezifunga pua.

Je, wajua kuwa vitabu vya maelekezo havikubaliani? Kimoja kitakwambia acha sentimita 5 nyuma na 2 kila ubavu, kingine 10 pande zote, kingine kinataka 30 juu. Hakuna anayedanganya. Kila friji lina mahali pake pa kutolea joto, na mtengenezaji ameandika kwa ajili ya lile lake. Kwa hiyo kitabu chako ndicho hakimu. Tatizo ni kwamba kitabu kile kwetu hutupwa pamoja na boksi, au boksi linakuwa kitanda cha paka. Kama hukipati, mimi nisiye fundi nitakupa kipimo ninachokitumia sasa: sentimita 5 nyuma, 5 kila upande, na juu 10 au zaidi. Kwa friji la sentimita 60, mwambie seremala 70. Mwambie kwa sentimita, na umwone akiandika. Atakwambia, "Bosi, nafasi yote hii iende bure?" Mwache aseme.

Je, wajua kwamba mwanya wa nyuma peke yake hausaidii kitu? Hewa ikipata joto inapanda. Inahitaji kuingia chini, kupita kwenye mbavu au mgongo, na kutokea juu. Ukiacha sentimita 5 nyuma halafu ukafunika juu kwa kabati lililogusa ukuta na kichwa cha friji, umejenga chupa. Friji za Ulaya za kuchomekwa ndani ya kabati, zile ambazo mlango wake unavikwa ubao usijue kama ni friji, zimetengenezwa makusudi kubanwa, na hata hizo vitabu vyake vingi vinadai matundu ya hewa yasiyopungua sentimita za mraba 200, ya kuingilia chini kwenye msingi wa kabati na ya kutokea juu. Sentimita za mraba 200 ni kama theluthi ya karatasi ya A4. Chukua karatasi, ikunje sehemu tatu sawa, ibandike juu ya ubao wa seremala wako: "Toboa hapa." Na tafadhali, friji la kawaida la dukani si la kuchomeka. Kulificha kabatini kwa sababu umeona picha ya jiko la Milano ni kumvika mtu koti la baridi kali kisha kumwambia akimbie Barabara ya Morogoro saa saba mchana.

Kuna jambo moja la kuchekesha. Nyumba nyingi za kwetu, friji limekaa sebuleni. Wageni walione, ndiyo, lakini pia jiko lilikuwa dogo, lina moshi, au liko uani. Pale sebuleni lilisimama kwenye kona na hewa tele kila upande. Adui wake pekee alikuwa kile kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi, kinachoning'inia kichwani hadi ubavuni, na juu yake maua ya plastiki. Kitambaa kifupi kisichoshuka mbavuni hakina neno. Sasa tunajenga majiko ya kisasa, tunalihamisha friji kwa heshima zote, na huko ndiko linakokosa pumzi.

Je, wajua maana ya herufi zilizoandikwa kwenye kibati cha friji? Fungua mlango, tazama ukutani karibu na droo ya mboga, au nyuma karibu na kompresa. Kuna kibandiko chenye namba za umeme, uzito wa gesi, na mahali fulani pameandikwa SN, N, ST au T. Watu husoma lita na rangi, hizi hawazioni. Ni daraja la hali ya hewa. SN ni friji la kufanya kazi mahali penye nyuzijoto 10 hadi 32. N ni 16 hadi 32. ST ni 16 hadi 38. T, herufi ya tropiki, ni 16 hadi 43. Mengine yameandikwa mawili au matatu pamoja, kwa mfano SN-T, yaani linaanzia 10 na kuishia 43.

Sasa sikiliza. Joto linalohesabiwa si lile la utabiri wa hali ya hewa wa saa mbili usiku. Ni la hewa inayoligusa friji pale lilipo. Nje kuna 32, jikoni kuna wali na samaki vinapikwa kwa pamoja, na ndani ya lile shimo la seremala friji linajipasha lenyewe. Friji la N ulilonunua kwa bei nzuri, lililotumika, limeshuka kutoka kwenye kontena la Ulaya, kwenye jiko la Tanga au Mombasa liko ukingoni hata kabla ya kubanwa. Jamaa zetu wa Maskati ambako kiangazi hupita 43 kivulini wanajua: friji halikai kibarazani.

Na walioko Minnesota au Toronto nao wana lao. Friji la pili huwekwa gereji, na wakati wa baridi watu wanakuta barafu imeyeyuka na nyama imelegea, wakati nje kuna theluji! Sababu ni kwamba mafriji mengi yana kompresa moja, na kipimajoto kiko upande wa friji, si upande wa friza. Gereji ikishuka hadi nyuzijoto 3, kipimajoto kinaona mambo ni shwari, hakiamshi kompresa, na friza linaachwa lijitegemee. Ndiyo kazi ya ile namba ya chini, 10 au 16. Huwa tunadhani ni ya wale wa joto tu.

Je, wajua kuwa mlango ukifunguka nyuzi 90 bado hujafungua friji? Watu wengi wanapima upana wa friji likiwa limefungwa. Hilo ni sawa na kupima kitanda bila kumfikiria atakayelala. Fanya jaribio hili dukani, muuzaji asikuangalie vibaya: fungua mlango hadi usimame mraba na mwili wa friji, halafu vuta droo ya mboga. Kwenye mafriji mengi droo inatoka nusu, inagonga upande wa ndani wa mlango, pale kwenye rafu za mayai na chupa. Ili itoke yote lazima mlango uende mbele zaidi ya mraba. Sasa ukiliweka friji kwenye kona, bawaba zikiwa upande wa ukuta, mlango wenye unene wake na mshikio wake unagonga ukuta kabla ya kufika huko. Droo hutaitoa tena. Hutaiosha tena. Miezi sita baadaye utanusa kitu na hutajua kinatoka wapi.

Upande wa bawaba ukiwa ukutani, sentimita 5 hazitoshi. Pima unene wa mlango pamoja na mshikio uliojitokeza. Mara nyingi utahitaji 10 au zaidi. Mwanya huo unaweza kuujaza kwa kabati jembamba la mafuta na viungo, lisiguse friji. Au ufanye la rahisi kuliko yote: friji nyingi za mlango mmoja bawaba zake zinahamishika, matundu yapo tayari upande wa pili, yamezibwa kwa vifuniko vidogo vya plastiki. Bisibisi na dakika arobaini. Friji la milango miwili ya ubavu kwa ubavu halina bahati hiyo.

Mbele nako. Friji la kina cha sentimita 65 na mlango wa sentimita 60, ukilifungua mraba, ncha ya mlango iko mita 1 na robo kutoka ukutani, na wewe bado hujasimama. NKBA, chama cha wabunifu wa majiko na bafu cha Marekani, kinashauri njia ya kufanyia kazi jikoni iwe na sentimita 107 kwa mpishi mmoja, 122 kwa wapishi wawili. Nyumba ya kwetu siku ya shughuli ina wapishi wangapi? Acha tu.

Chama hicho hicho kinataka kaunta ya sentimita 38 upande wa mshikio wa friji. Mwanzoni niliona ni mambo ya wenye nafasi. Kisha nikajitazama mwenyewe: nimefungua friji, mkono mmoja umeshika sufuria ya mchuzi wa jana, wa pili una jagi, nataka kutoa kitu kilicho nyuma yao, na sina pa kutua. Nikaweka sufuria sakafuni. Tangu siku hiyo nawaheshimu.

Je, wajua kuwa jiko maarufu kuliko yote katika historia ya usanifu halikuwa na friji? Mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky, mbunifu wa Austria, alichora jiko la Frankfurt: chumba cha mita 1.9 kwa 3.4, kila kitu kikifikiwa kwa hatua chache, likajengwa katika nyumba za wafanyakazi zipatazo 10,000. Makabati yetu ya leo yaliyopangwa ukutani kwa mstari ni wajukuu wa lile. Lakini mpangilio ule ulipigiwa hesabu kabla ya friji kuwa kitu cha nyumba ya kawaida, na nadhani ndiyo sababu hadi leo friji linaonekana jikoni kama mgeni aliyekuja viti vimeshajaa. Mwaka uliofuata, 1927, kampuni ya General Electric ya Marekani ilitoa friji lililoitwa Monitor Top. Kompresa na kondensa vilikaa juu ya kichwa chake, wazi, mviringo kama bakuli, watu wakasema linafanana na mnara wa mizinga wa manowari ya zamani iitwayo Monitor, na jina likakwama hapo. Lilikuwa baya kwa sura. Lakini hakuna aliyediriki kuweka kikapu cha vitunguu juu yake, na joto lilipanda zake darini bila kumwomba mtu ruhusa.

Mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Illinois atakwambia kuhusu pembetatu ya jiko, iliyozaliwa huko miaka ya 1940: sinki, jiko la kupikia na friji, na jumla ya njia zote tatu isizidi futi 26. Ni wazo zuri kwa mpishi mmoja aliyefunga mlango. Kwetu mpishi anapika gesi ndani na mkaa nje, na friji halifunguliwi na mpishi bali na kila mwenye kiu. Kwa hiyo mimi pembetatu naivunja: friji nalisogeza karibu na mlango wa kuingilia jikoni, watoto wachukue maji yao na kuondoka bila kupita kati ya mama na mafuta ya moto.

Umbali kutoka jiko la kupikia? Vitabu vya baadhi ya friji za Ulaya vinataka angalau sentimita 3 kutoka jiko la umeme au gesi, na 30 kutoka jiko la makaa au mafuta. Hizo 3 kwangu ni chache mno. Tia kabati au hata droo moja katikati, hata kwa ajili ya mafuta yanayoruka tu.

Je, wajua kwamba gesi iliyomo kwenye friji jipya ni ndugu wa ile ya mtungi? Tazama kibandiko tena: R600a. Hiyo ni isobutani, inashika moto. Usiogope; friji la nyumbani lina gramu makumi kadhaa tu, na viwango vya usalama vimeweka mpaka wa gramu 150, wakati mtungi wako mdogo una kilo 6. Ila ndiyo sababu karibu kila kitabu kinakataza kuziba matundu ya hewa: ikivuja, itawanyike, isijikusanye kwenye shimo la kabati lenye soketi. Fundi wa friji aliyezoea gesi za zamani akitaka kulehemu bomba bila kutazama kibandiko, mzuie kwanza mlangoni.

Gesi za zamani nazo zilikuwa na vituko vyao. Zile za mwanzo zilikuwa sumu, na zilipovuja ziliua familia nzima usingizini. Habari ya kifo cha namna hiyo mjini Berlin iliwasukuma watu wawili kubuni friji lisilo na kompresa wala kitu chochote kinachozunguka, na mwaka 1930 wakapewa hataza Marekani. Mmoja alikuwa Leo Szilard. Mwenzake ni Albert Einstein, ndiye yuleyule. Halikuingia sokoni. Ilikuja Freoni, isiyo na sumu wala moto, ikasifiwa miaka mingi hadi ikagundulika inatoboa tabaka la ozoni, na mwaka 1987 Mkataba wa Montreal ukaanza kuifukuza.

Soketi usiiweke nyuma ya friji. Plagi yetu ya pini tatu, pamoja na waya unaopinda, inajitokeza sentimita 4 au 5 na kula mwanya wote ulioupigania. Iweke pembeni, juu ya kaunta ya jirani, mahali ambapo mkono unafika bila kuvuta friji. Hapo pia ndipo kitakaa kile kiboksi cha kulinda friji umeme unapopanda na kushuka. Na je, wajua kwa nini kiboksi hicho kinachelewa dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme ukirudi? Kompresa ikizimwa ghafla, gesi upande mmoja bado imebanwa. Ikiwashwa papo hapo inajaribu kusukuma mlango uliokomewa, na mota inaungua. Zile dakika ni za presha kusawazika.

Je, wajua maji ya barafu inayoyeyuka huenda wapi? Kuna kitundu nyuma ndani, yanashuka kwa mrija hadi kwenye trei ndogo iliyokaa juu ya kompresa, na joto la kompresa linayakausha. Pasipo hewa yanakaa. Mende wanapaita nyumbani.

Na mafriji mawili yakikaa bega kwa bega, au friji na friza, mwambao wenye unyevu huu wetu utakuonyesha: mbavu zinazogusana zinatoa jasho, kutu inaanza, na hutaiona hadi siku ya kuhama.

Friza lile la kulala, la kuuzia barafu na samaki, lina hesabu yake. Mlango unafunguka kwenda juu. Watu wanajenga makabati ya ukutani juu yake, halafu mlango unafunguka hadi katikati na kugota, na mtu anaingiza kichwa kama anayechungulia kisimani. Mabomba yake ya joto nayo mara nyingi yamefichwa mbavuni, kwa hiyo magunia ya unga yasiliegemee.

Je, wajua kuwa ukuta wako haujanyooka? Pima chini, katikati na juu. Chukua kipimo kidogo kuliko vyote. Pima baada ya lipu na vigae, maana kigae na gundi yake kinakula sentimita nzima au zaidi, na kule chini skatingi nayo inajitokeza. Graniti ya kaunta mara nyingi inazidi kabati kwa sentimita 2 hivi, hivyo nafasi uliyopima kati ya makabati siyo ile iliyopo kwenye usawa wa kaunta. Na kimo pia: sakafu ikiongezewa vigae juu ya vigae vya zamani, friji lililokuwa linapita chini ya kabati la juu litagonga. Miguu ya mbele izungushe kidogo hadi friji liegemee nyuma kwa kiasi cha kutoonekana, mlango ujifunge wenyewe.

Umepima shimo. Umepima njia? Kuna mafriji ya sentimita 91 na milango ya nyumba ya 80, na kuna ngazi za Mji Mkongwe ambazo hata godoro linazipanda kwa dua. Milango ya friji kubwa inafunguliwa na kuondolewa. Muulize muuzaji kabla, si vijana wakiwa wamelibeba. Likisafirishwa limelazwa, lisimamishe masaa kadhaa kabla ya kuwasha, mafuta ya kompresa yarudi nyumbani kwake.

Mlango ukiufunga na kutaka kuufungua papo hapo unagoma. Je, wajua kwa nini? Hewa ya vuguvugu iliyoingia imepoa ghafla, imesinyaa, na ya nje inaukandamiza. Ni dalili njema: mpira wa mlango mzima. Ukitaka kuhakikisha, banisha noti mlangoni na uivute. Ikitoka bila ubishi, mpira umechoka, na usilisingizie kabati.

Na lile friji kuukuu linalotolewa uani siku ya ukarabati? Ling'oe mlango siku hiyohiyo. Friji za zamani zilifungwa kwa komeo, na watoto waliojificha ndani wakicheza hawakuweza kutoka. Marekani ilitunga sheria mwaka 1956 kwamba mlango lazima uweze kusukumwa kutoka ndani, na huo mpira wenye sumaku tunaoujua leo ukachukua nafasi ya komeo. Bado si kitu cha kuachia watoto.

Mimi nilimwita seremala wangu arudi. Alikuja, akagusa ubao, akanyamaza, akakata. Sasa friji lina mwanya wa sentimita 5 kulia na 5 kushoto, kompresa inapumzika mchana hadi nasikia saa ya ukutani, na ile "24" ya penseli bado inaonekana nyuma ukichungulia. Tatizo lililobaki ni la kifamilia. Mama mkwe aliuona ule mwanya wa kulia siku ya kwanza tu, akasema hakika jiko hili limefikiriwa, akachomeka sinia humo. Sinia mbili. Nilizitoa kwa adabu nikaziweka juu ya kabati. Jana nimezikuta tena, na ungo.